Maswali ya Wasomaji: Njia ya Kwanza na Penalti ya Mwisho

*Kijana wangu atakimbia mita 400 kwenye mashindano ya shule ya wilaya. Amepangiwa njia ya kwanza, na tangu siku hiyo anasema ameshashindwa. Mimi shabiki wa riadha nilimtajia John Akii-Bua, lakini kwake ni jina la uwanja tu. Nimwambie nini?*
Mama wa mkimbiaji, Lira

Mama, mwambie Akii-Bua, mkimbiaji wa Uganda, alikimbia njia hiyo hiyo. Ilikuwa Olimpiki ya Munich mwaka 1972, fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Njia ya kwanza ndiyo yenye kona kali kuliko zote, na mtu mwenye miguu mirefu husukumwa nje kila anapokaza mwendo. Halafu kuna lile linalomtisha kijana wako bila yeye kulijua. Kwa sababu ya namna wakimbiaji wanavyopangwa kwenye mstari wa kuanzia, yule wa njia ya nane husimama kama mita 53 mbele ya yule wa njia ya kwanza. Bunduki haijalia, na tayari anaona migongo saba. Macho yanamwambia ameachwa, kumbe umbali wao ni sawa.

Akii-Bua alishinda kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo. David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa akishikilia rekodi, aliondoka kwa kasi sana mwanzoni, akaishia na shaba. Ujasiri ulikuwepo, ndiyo, lakini tusiishie hapo. Akii-Bua aliweza kuruka kiunzi kwa mguu wowote. Viunzi ni kumi, na kati ya kimoja na kingine ni mita 35. Uchovu unapofupisha hatua, anayetegemea mguu mmoja hufika kiunzini vibaya, akalazimika kujibana ili apate mguu wake. Akii-Bua alipita tu.

Basi mpe kijana kazi badala ya maneno. Mara mbili kwa wiki akimbie kona ya ndani, mita 120, mara nne, akipumzika dakika tatu kila mara. Mwili wote uegemee ndani kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Akipinda kiuno peke yake atapoteza kasi. Mara moja kwa wiki wenzake watatu wasimame mbele yake kama siku ya mashindano, na yeye asiwafukuze katika mita 100 za kwanza. Hapo ndipo wengi wa njia ya kwanza huharibu: hutaka kufuta pengo mapema, na wakifika mita 300 miguu imekwisha. Siku yenyewe aende mapema autembelee uwanja. Kwenye nyasi za shule, njia ya ndani ndiyo inayokanyagwa zaidi, kwa hiyo mashimo yake ayajue kabla. Na asikanyage mstari wa ndani kwenye kona, anaweza kuondolewa.

*Nachezea timu ya wasichana ya sekondari. Mazoezini nafunga penalti zote, kwenye mechi miguu inatetemeka. Nifanyeje?*
Namba 10, Busia

Dada, kutetemeka hakukuzuii kufunga. Kinachoharibu penalti ni haraka. Mpigaji anataka hofu iishe, filimbi ikilia tu anakimbilia mpira. Kosa la pili ni kubadili nia katika hatua ya mwisho kwa sababu kipa amesogea: nyonga zinafunguka, mpira unakwenda katikati, au unaegemea nyuma na mpira unapita juu ya mwamba.

Chagua kona kabla hujaushika mpira, na usiibadilishe. Lenga nusu mita ndani ya mlingoti, chini. Ukilenga mlingoti wenyewe, kosa dogo tu linautoa nje. Weka mpira kwa mikono yako, rudi hatua nne au tano, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita, mara mbili. Filimbi ikilia, subiri kidogo, tazama mpira, piga.

Mazoezi yako pia yana kasoro. Penalti kumi mfululizo hazifanani na mechi, maana ukikosa moja unayo nyingine. Piga moja tu kwa siku, mwisho wa mazoezi, ukiwa umechoka. Tembea peke yako kutoka katikati ya uwanja, zaidi ya mita 40, wenzako wakipiga kelele. Ukikosa, nenda nyumbani, utarudia kesho. Mwendo ule ndio unaotisha, kwa hiyo ndio wa kuuzoea.

Tazama pia fainali ya Afrika ya 2012, Libreville. Didier Drogba, nyota wa Ivory Coast, alipaisha penalti ndani ya dakika 90. Zambia, ambao wachache waliwapa nafasi, walishinda kwa penalti 8 kwa 7, na walipokuwa wakisubiri zamu zao walikuwa wakiimba. Anayeimba hana budi kutoa pumzi. Jaribuni na nyinyi.

*Timu isiyopewa nafasi ndiyo ninayoipenda, na huwa naibetia. Kuna ubaya?*
Shabiki, Arua

Kuipenda hakuna ubaya hata kidogo. Ugiriki walichukua Kombe la Ulaya 2004 bila kuwahi kushinda hata mechi moja katika mashindano makubwa kabla ya hapo, wakashinda robo fainali, nusu fainali na fainali kwa 1-0, mabao yote ya kichwa. Mpira una mabao machache, ndiyo maana mnyonge ana nafasi.

Pesa ni habari nyingine. Chukua odi (namba inayozidishwa na pesa uliyoweka ukishinda) za 1.60 kwa mkubwa, 3.80 kwa sare na 5.50 kwa mdogo. Ukiweka shilingi 6,250, 2,630 na 1,820, umetoa 10,700. Matokeo yoyote yakija utapata karibu 10,000. Zile 700 ni za mwenye duka la kubeti, na ukiunganisha mechi tano kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti, anakukata mara tano. Kwa pesa hiyo nunua tiketi uende ukaishangilie timu yako uwanjani.