Friji Langu Lilikosa Pumzi

Jumapili iliyopita dada mmoja wa Muheza alinitumia picha ya sebule yake pamoja na ujumbe mrefu. Aliuliza hivi: "Dada, hawa watu wa kwenye televisheni nyaya zao wanaziweka wapi? Ndoo je? Dekio? Mtungi wa gesi? Nimehangaika mwezi mzima nyumba yangu ifanane na zao, haifanani, na sasa nimeanza kuichukia."

Neno hilo la mwisho lilinichoma, maana nimewahi kulisema mwenyewe. Nikamwahidi kwamba nitamjibu hapa ili na wengine wafaidike, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnatamani kile ninachotamani: mgeni akisukuma mlango wako aseme mashallah kabla hajakaa.

Sisi tunakaa Makorora, hapa hapa Tanga. Nyumba ina vyumba vitatu, sebule na jiko la ndani, na uani kuna kibanda cha jiko la mkaa. Tulihamia mwishoni mwa 2021, na miezi ile nilikuwa sioni wala sisikii zaidi ya vipindi vya kupamba nyumba. Watoto wakilala nachukua simu. Nilitazama hata vile vya zamani, kama Changing Rooms ya BBC iliyoanza mwaka 1996, majirani wawili wanabadilishana nyumba kwa siku mbili na kila mmoja anapamba chumba cha mwenzake kwa pauni 500. Nilitazama Fixer Upper ya wale mume na mke wa Waco, Texas. Kila kipindi kikiisha nawasha taa ya jikoni nasimama mlangoni kutazama kwangu. Naona jagi la plastiki, sufuria zimepandana, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, waya wa birika la umeme umening'inia. Moyo unashuka.

Nikaamua kuficha. Nilimwita fundi seremala, nikamwonesha picha kwenye simu, akanijengea makabati ya MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Rangi nyeupe, bila vishikio, ukisukuma mlango unafunguka wenyewe. Vyombo vyote vikaingia humo. Kichanja cha kukaushia vyombo kilichokuwa uani nikakiuza. Kinu na mchi nikavipeleka nyuma ya tangi la maji. Mbuzi ya kukunia nazi, zawadi ya mama mkwe tangu harusi yangu, mti wake umekolea rangi kwa mikono ya watu, niliifunga kwenye mfuko nikaipandisha kabati la juu kabisa, pale ambapo hata mimi sifiki bila stuli.

Halafu friji. Kwenye televisheni nilikuwa nimeona jiko ambalo friji halionekani kabisa. Unafungua kile unachodhani ni kabati la nguo, kumbe ndani kuna maziwa na nyanya. Nikamwambia fundi na langu alifunike vivyo hivyo, ubavuni, juu na nyuma, na mlango mbele yake. Akaniuliza, "Mama, halitapata joto?" Nikamwambia wenzetu wanafanya. Namshukuru aliuliza. Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Ilikuwa Februari, na mnaojua Februari ya Tanga mnaijua. Wiki ya kwanza nilisikia mota inaunguruma mchana kutwa bila kupumzika, na umeme wa luku ukawa unakwisha kama maji kwenye mchanga. Wiki ya pili mama mkwe akaja kutoka Pangani na samaki, changu wanono wa kutosha wiki nzima, amewapanga ndani ya pakacha kwa mkono wake mwenyewe. Tukawaweka kwenye friji. Usiku ule tulikula samaki wawili, waliobaki tukawaacha humo. Alfajiri nilipoamka kuswali, harufu ilinikuta koridoni.

Nilifungua mlango wa kabati, kisha mlango wa friji. Maji yalikuwa yametiririka hadi chini ya mazulia, macho ya samaki yamekuwa meupe. Niligusa ubavu wa friji kwa nyuma nikautoa mkono haraka, ulikuwa wa moto kama bati la saa saba mchana. Fundi friji alipokuja alibandua ubao wa nyuma, akachungulia, akasema neno moja tu: "Dada, limekosa pumzi." Kompresa ilikuwa imeungua.

Sikujua kwamba friji la kawaida hutoa joto lake kupitia mabomba ya nyuma au ubavuni. Yale wanayoyafunika kwa mbao kwenye vipindi yametengenezwa tofauti, hupumulia kwa mbele, chini ya mlango, kwenye matundu ambayo kamera haiyaoneshi. Langu nililifunga blanketi wakati wa joto.

Lakini samaki na friji nilivisahau mapema. Kilichobaki ni maneno. Mama mkwe alikaa siku tatu. Siku ya pili alitaka kutupikia wali wa nazi, nazi anazo, mchele anao, akaanza kutafuta mbuzi. Alisukuma mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kifumbu hakukiona. Upawa hakuuona. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya uani, nazi imeshavunjwa, vifuu viwili viko mapajani, anasubiri. Akaniambia taratibu, "Mkaza mwanangu, humu ndani mnakaa au mnapita?" Hakuwa na hasira, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Wifi yangu ndiye aliyeongeza yake, mbele ya majirani, kwamba nimeua friji kwa ajili ya urembo. Tumeshapatana, tunapikiana futari, ila neno lile bado ninalo.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kutazama vipindi vile kwa jicho jingine, nikauliza swali lile lile la dada wa Muheza: vitu vinakwenda wapi? Jibu ni jepesi mno. Vinakwenda chumba cha pili. Vinakwenda gereji, au kwenye gari lililoegeshwa nje. Siku ya kupiga picha za mwisho hakuna anayepika humo, hakuna mtoto anayetafuta soksi. Mpambaji anapita na kuondoa sabuni ya vyombo, pipa la taka, miswaki, rimoti, chaja. Chupa zenye nembo zinageuziwa ukutani au kubandikwa tepu, maana vituo havitaki kutangaza bidhaa ya mtu bure. Panapobaki patupu huwekwa bakuli la ndimu na chombo cha maua. Mito ya kitandani inapigwa pasi ya mvuke. Kisha kamera inawekwa pembeni kabisa mwa chumba na lenzi inayopanua, taa zote zinawashwa, na chumba cha mita tatu kinaonekana ukumbi wa harusi. Ile picha ya "kabla" waliipiga taa zikiwa zimezimwa. Na mara nyingi hata makochi unayoyaona yameletwa kwa ajili ya kamera, yakishapigwa picha yanapakiwa yanaondoka, isipokuwa mwenye nyumba ayanunue.

Sisemi wanadanganya. Wanatengeneza picha, na picha ni kazi yao. Kosa letu ni kuichukua picha ya saa moja tukataka kuishi ndani yake mwaka mzima. Dada zangu, tusijitese! Unaficha kichanja, vyombo vinaingia kabatini vikiwa na unyevu, na kwa hewa yetu hii ya bahari wiki haipiti kabla hujaona ukungu kwenye mwiko na kutu kwenye kisu. Unaficha ekstensheni chini ya zulia ionekane sebule haina waya, joto linajikusanya, siku moja zulia linanuka moshi. Ficha kilicholala. Kinachofanya kazi kiache kipumue.

Na mtungi wa gesi, hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inashuka chini na kutulia. Ukifungia mtungi kwenye kabati lisilo na matundu chini umejijengea kisima cha gesi, na cheche ya swichi inatosha. Ukiweza, mtungi ukae nje, mpira upite ukutani. Usipoweza, fundi atoboe matundu chini ya mlango wa kabati, karibu na sakafu, siyo juu. Kama mgeni akiuona, auone.

Jambo jingine lililonigeuza ni kukumbuka kwamba kuficha tulikuwa nako siku zote. Nyumba ya bibi yangu, Ngamiani, haikuwa na kabati hata moja jikoni, na bado mgeni hakuona uchafu. Mgeni aliishia barazani au ukumbini. Uani ndiko kulikokuwa na masizi, magamba ya samaki na ndoo, na hakuna aliyeona haya kwa sababu kazi ya uani ni hiyo. Chakula kilifunikwa kawa ya ukili yenye rangi, na kawa yenyewe ilikuwa pambo. Redio ilivaa kitambaa cha kufuma. Nguo za thamani zilikaa ndani ya kasha lenye misumari ya shaba, na kasha ndilo lililokuwa kitu cha kwanza kutazamwa chumbani. Wazee wa mwambao walipojenga nyumba za mawe walichimba zidaka ukutani, wakapanga sahani na bakuli zilizovuka bahari. Nenda kwenye magofu ya Tongoni, kilomita zisizozidi 20 kutoka hapa mjini kwa barabara ya Pangani, utazame makaburi ya nguzo. Utaona vishimo vya mviringo kwenye mawe, mahali palipokuwa na bakuli za kauri. Walikuwa wanaonesha walichokithamini hadi makaburini.

Basi nami nilirekebisha, nikaanza na mbuzi. Niliishusha, nikaisugua kwa ndimu na chumvi, nikaitundika kwenye msumari kando ya mlango wa uani, na chini yake kifumbu. Wageni wote huiuliza. Milango ya makabati ya juu niliibandua nikabakiza rafu, nikapanga vikombe. Ila rafu ifungwe vizuri. Katika Changing Rooms kuna mama mmoja alijengewa rafu ya kuning'inia ili birika zake za chai alizozikusanya kwa miaka zionekane, usiku rafu ikaanguka na birika zikavunjika. Kwa hiyo skrubu ziingie kwenye tofali, zisiishie kwenye plasta.

Unga, mchele na kunde nimevimimina kwenye makopo ya kioo, hilo nimeliiga kwa Wamarekani na silijutii, maana fukusi hawaingii. Lakini ukitupa pakiti umetupa na tarehe ya kuharibika. Mimi huikata ile tarehe nikaibandika chini ya kopo. Wanasesere na viatu vya watoto vinalala kwenye vikapu vya mkonge. Wao kule wananunua vikapu vya namna hiyo kwa fedha nyingi, sisi mkonge unalimwa mkoani kwetu tangu 1893. Bafuni na chumbani sina mengi ya kusema: ndoano nyuma ya mlango, kasha chini ya dirisha, basi.

Mwaka huu nimeshapanga nyumba nne za watu kwa malipo, moja Raskazone kwa mtu mwenye fedha zake, na wote niliwaambia jambo la kwanza ni friji. Nyuma yake paachwe sentimita 10, juu pawe wazi.

Dada wa Muheza, usiuze kichanja chako. Jumamosi nakuja kwako na futi. Na tafadhali usipange chochote kabla sijafika. Nataka niione nyumba yako saa moja usiku, watoto wakiwa wanakula, na ndoo ikiwa pale pale inapokaa siku zote.