Wewe uliyetoka Mumbai, usidungwe hiyo sindano kwanza

Yakhe, usiende kwa huyo bwana wa kemisti leo jioni. Umeandika mwenyewe hapa: wiki tatu tangu urudi kutoka Mumbai, India, homa yaja leo, kesho huna kitu, keshokutwa yarudi tena. Kipimo cha malaria cha dukani kimesoma hasi, umeambiwa ni taifodi, na sindano za siku tano zaanza leo. Nimesoma nikashikwa na hasira kwanza, huruma baadaye. Maneno hayo niliambiwa mie, karibu neno kwa neno, na yalinila miezi sita.

Mie nauza leso. Septemba 2024 nilikwenda Gujarat, huko huko India, kutafuta mzigo, nikalala nyumba ya wageni ya bei ya chee, dirisha halifungi, tangi la maji juu ya paa halina kifuniko. Mbu walikuwapo, tele. Lakini mtoto wa Majengo utamtisha na mbu? Niliwaona ni binamu za hawa wetu. Chandarua nilikiacha nyumbani.

Homa ikanishika Oktoba, nimesharudi, nimeshasahau. Ilianza baada ya alasiri, jua kali, feni imezimwa na mie natetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia kwi kwi kwi. Blanketi hatuna, nani Mombasa ana blanketi? Mke wangu akakimbilia stoki, akanifunika doti sita za leso mpya, lebo hazijatolewa. Baridi ikageuka moto, moto ukageuka jasho, zile leso zikaloa chapa chapa, sikuuza hata moja. Asubuhi nimeamka mzima, nikala mahamri na mbaazi sahani mbili. Siku ya pili yake, alasiri, ikarudi. Barazani wakanicheka, ati naumwa kwa zamu kama soja wa langoni. Nami nikacheka. Kumbe ile zamu ndiyo iliyokuwa ikisema, na hapana aliyesikiza.

Yule wa kemisti alinitoboa kidole, akatia tone kwenye kile kiplastiki cha mistari. Mstari mmoja. "Malaria huna." Akachukua damu nyingine, akarudi na karatasi ina namba, moja kaizungushia kalamu nyekundu. "Taifodi, tena imezidi." Sindano tano, vidonge juu yake, na ile sura ya kunisikitikia. Aliniuliza kama nalipa taslimu au kwa simu. Kama nimesafiri hakuniuliza.

Sasa sikiza nilichokuja kuambiwa baadaye. Vingi katika vile vipimo vya haraka vinavyotumika huku kwetu vinatafuta protini ya aina moja tu ya malaria, falciparum, kwa sababu ndiyo iliyojaa Kenya. India wana falciparum na wana vivax pia, na vivax kile kiplastiki hakiioni. Kitasoma hasi nawe waungua. Na hicho kipimo cha taifodi chenye namba, Widal, chatazama kinga zilizomo damuni. Ukiwa ulishawahi kuugua au umekutana na vijidudu vya jamii hiyo, chaweza kusoma chanya hata kama leo huna taifodi. Sisemi huna. Watu hurudi na taifodi kutoka India kweli, na nyingine ni sugu kwa dawa nyingi. Lakini taifodi yatafutwa kwa kuotesha damu maabara, tena kabla ya antibiotiki, maana ukishadungwa huenda kisiote kitu. Ndiyo maana nakwambia sindano isitangulie.

Homa yangu ikakatika yenyewe baada ya siku kadhaa, nami nikamsifu yule bwana mtaa mzima. Nikampelekea na wateja, Mungu anisamehe.

Lakini kosa kubwa si lake, ni langu. Desemba homa ikarudi, nikaenda zahanati yenye darubini. Kijana wa maabara akaona vimelea, malaria. Yule daktari msichana akainua kalamu akaniuliza, wallahi naikumbuka sauti yake: "Umesafiri nje hivi karibuni, baba?" Nikamjibu, "La."

La! Pasi ina mhuri wa India, mzigo wa India uko dukani, nami nasema la. Nilijiambia miezi mitatu si karibuni. Nilijiambia malaria ni yetu, ya Pwani, India yaingiaje? Nyuma yangu palikuwa na foleni, sikutaka kuonekana mtu wa hadithi ndefu. Basi akaniandikia AL, dawa ya kawaida ya malaria, kama anavyoandikiwa kila mtu, vidonge 24 kwa siku tatu, na akanisisitiza ninywe na chakula chenye mafuta. Siku ya pili homa hakuna. Yeye hana lawama. Angejua nimetoka Gujarat, angeitazama ile slaidi, kile kioo chenye tone la damu yangu, kwa jicho jingine. Neno moja lenye herufi mbili ndilo lililonigharimu msimu wa Idd.

Maana Machi 2025, siku kumi kabla ya Idd, ikarudi. Wewe wajua leso zauzwa lini. Wanawake wamejaa Barabara ya Biashara wabeba mifuko, duka langu nimemwachia mpwa wangu, naye awapa watu bei za udugu. Mie nimelala chumbani nahesabu boriti.

Ndipo nikapelekwa kwa daktari mmoja mzee. Hakuuliza naumwa wapi. Aliuliza, "Mara ya mwisho pasi yako kupigwa mhuri ni lini, na ni nchi gani?" Hilo ndilo swali. Slaidi ikasomwa upya, wakatafuta ni aina gani hasa: vivax. Akanieleza kwamba vivax hujificha ini. Vimelea vyake vingine huingia damuni vikakuunguza, vingine hulala ndani ya ini wiki au miezi, kisha huamka. AL yaua vilivyomo damuni, vilivyolala haviguswi. Kwa hivyo nilikuwa nafukuza wageni sebuleni na wenyewe wamelala ghorofani.

Dawa ya hivyo vilivyolala ini ni primakwini, kwangu ilikuwa siku 14. Wala usikimbilie kuinunua kichwa kichwa! Lazima upimwe kwanza G6PD, kimeng'enya fulani cha damu, na wanaokikosa huku Pwani si haba. Ukiinywa huna kimeng'enya hicho, chembe nyekundu zapasuka, mkojo watoka mweusi kama kahawa ya buli. Wajawazito pia hawapewi. Mie nilipimwa, alhamdulillahi, niko sawa.

Nikamuuliza mbona wenzangu waendao India kila mwaka hawapati. Akasema wengi wenye asili ya huku hawana kitu kiitwacho Duffy kwenye chembe za damu, na ndio mlango mkuu ambao vivax huingilia. Akaniuliza ukoo. Babu yangu katoka Hadhramaut, kule Yemen. Kwa hivyo babu hakuniachia nyumba, kaniachia mlango.

Sasa wewe. Nenda leo hospitali yenye maabara, usingoje zamu inayofuata, kwa sababu hatujui kama yako ni vivax. Falciparum yaweza kumuua mtu kwa siku chache, na dengi, homa nyingine ya mbu, nayo iko kule na iko hapa. Kabla ya "naumwa", kabla ya "shikamoo" ikibidi, sema: nimetoka Mumbai, nimerudi tarehe fulani. Omba slaidi, waseme ni aina gani ya malaria. Ikisoma hasi na homa bado, rudia kesho na keshokutwa. Ya kutuliza homa ni paracetamol tu. Ibuprofen na aspirini weka kando mpaka ijulikane kwamba huna dengi, zaweza kukutoa damu. Macho yakigeuka manjano, ukitapika bila kukoma, ukianza kupayuka, usipite maabara, ingia moja kwa moja kwa wagonjwa wa dharura.

Na usingoje uulizwe, wala wakikuuliza "hivi karibuni" usilipime wewe hilo neno. Miezi sita ni karibuni. Mwaka pia, taja.

Watoto uliuliza uwatenge? Malaria haishiki kwa kulala nyumba moja. Watie chandaruani, nawe ingia chako. Uliuliza pia la tumbo la kuendesha tangu Mumbai, na lile la bima. Nimeyapita, nisamehe, mie mtu wa ini. Hilo la tumbo mwambie daktari, ukishamtajia Mumbai kwanza.

Pasi itie mfukoni sasa hivi, yenyewe, usitegemee kichwa. Chenye homa hakikumbuki tarehe. Na njiani usipite kwa yule wa kemisti kumuaga.