Jibu: Msumeno wa kukunja au wa fremu kwa kuni za kambini?

Habari mkuu. Umeuliza msumeno gani ubebe kwenye begi la mgongoni kwa ajili ya kuni: wa kukunja au wa fremu ya chuma.

Kwanza angalia kama unakokwenda kuni zinaruhusiwa. Mlima Kilimanjaro, kwa mfano, moto wa kuni ni marufuku, watu hupikia gesi. Msumeno utakuwa mzigo tu.

Kama ni ruksa, chukua wa kukunja. Mimi natumia Bahco Laplander, bapa la sentimita 19, uzito kama gramu 200. Kuni nene kama kifundo cha mkono inakatika bila jasho. Gogo likizidi nusu ya urefu wa bapa, unga wa mbao haupati pa kutokea, msumeno unaanza kung'ang'ania. Na kuni nene hivyo ya nini kwa sufuria moja ya ugali?

Dukani ufungue, ulisukume bapa kwa nyuma. Kitasa kinachoshika bapa lisijikunje kikicheza, rudisha, maana ndicho kinacholinda vidole vyako. Meno yawe makubwa. Mgunga mkavu unayala haraka na mengi hayanolewi kwa tupa, kwa hiyo uliza bapa la akiba kabla hujalipa.

Wa fremu waachie wenye gari.