Zamu Yako Ikifika: Maneno kwa Msomaji Mgeni

Karibuni nyote mliojiunga na kikundi chetu cha wasomaji wa vitabu mwezi huu. Utaratibu wetu hauna makuu: Jumamosi alasiri tunakutana kwenye baraza ya mwenzetu pale Sinza, Dar es Salaam, kila mtu anapewa dakika tano au sita aseme anasoma nini siku hizi, wengine wanauliza, chai na kashata vinazunguka, basi. Ila nimeona wageni wengi wakikwama palepale, wasomaji wazuri kabisa, ndiyo maana nawaandikia kabla zamu zenu hazijafika.

Kinachowakwamisha wengi wamekibeba kutoka shule. Aliyepita kidato cha nne hapa kwetu amefundishwa kuzungumzia kitabu kwa mpangilio mmoja: fani, maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Kwa miaka mingi tuliyajibu hayo kwa riwaya za Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, tukapata alama zetu. Siwalaumu walimu, mtihani una sheria zake. Lakini mtu mzima akikaa mbele ya wenzake na kuanza, "Dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke, dhamira ndogondogo ni rushwa, matabaka na malezi," utaona mmoja anatoa simu, mwingine anafuata chai. Orodha hiyo unaweza kuibandika kwenye riwaya yoyote iliyo kabatini. Bado hatujajua wewe, uliyekisoma kitabu hiki ukiwa kwenye foleni ya Mbagala, ulikutana na nini humo ndani.

Kwa hiyo chagua mahali pamoja. Pamoja tu. Ukurasa uliokufanya upitilize kituo, au uliokukera, au ule uliourudia usiku kwa sababu hukuuelewa. Anzia hapo, halafu utupe kiasi kidogo cha hadithi kinachotuwezesha kukufuata.

Mfano mzuri nilioushuhudia ni wa dada mmoja mhasibu aliyeleta Peponi. Angeweza kumaliza dakika zake zote kwenye sifa: kwamba Abdulrazak Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, kwamba alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kwamba riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ikatufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikachapishwa hapahapa Dar na Mkuki na Nyota. Hayo aliyapitia kwa pumzi moja. Kisha akatupeleka kwa Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayepandishwa treni na tajiri aliyemzoea kama mjomba, akidhani anakwenda kutembea. Kule pwani Khalil, kijana anayeuza naye dukani, ndiye anayemfumbua macho: huyu si mjomba wako, baba yako ana deni kwake, na wewe umewekwa rehani.

Hapo dada yetu akakifunga kitabu. Akasema kazini kwake anapitisha mafaili ya rehani kila siku, viwanja vya Kimara, nyumba za Bunju, magari, na kila kimoja kina thamani yake iliyoandikwa kwenye safu ya kulia. Tangu asome ukurasa ule, akifika kwenye safu ile mkono unasita. Hakuongeza neno. Mazungumzo yaliyofuata yalitufikisha magharibi, na wiki iliyofuata nakala ya kikundi iligombewa. Hakuna aliyekumbuka kuuliza dhamira.

La pili ni kusoma kwa sauti. Ukipenda kutusomea kipande, tusomee, lakini nusu ukurasa inatosha. Kijaribu nyumbani kwanza, kwa sauti ya kweli, maana barazani tunashindana na bodaboda, na mama wa jirani ana mashine ya kusaga. Vipande vya mazungumzo husikika vizuri kuliko vya maelezo marefu. Weka karatasi mahali pa kuanzia ili tusikae tukikutazama unapekua. Na ukifika mwisho wa kipande, nyamaza kidogo kabla hujatueleza tulichosikia. Wengine mna haraka sana hapo.

Vitabu vya upelelezi vina adabu yake. Hapa hakuna mjadala: mwuaji hatajwi. Juzi mgeni mmoja alikuja na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, akaicheza vizuri sana. Alitueleza mpelelezi wake, Bwana Msa, anavyotazama mambo, kiko mdomoni, namna anavyoziona dalili ambazo wenzake wamezipita, akatuachia dalili mbili na kukaa chini. Watu walimzonga kwenye kashata wakitaka ya tatu, akakataa. Safi sana.

Sasa niseme jambo ambalo wageni hawaliamini mpaka waone: dakika zako si zako peke yako. Kijana wa chuo alitusimulia Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Unguja inayojengwa kuelekea mgomo wao wa mwaka 1948. Alikuwa amejiandaa hasa, ana vijikaratasi vya rangi kila sura. Katikati ya maelezo mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, akaguna na kusema, "Mwanangu, sisi hapa Dar tuligoma mwaka mmoja kabla yao." Kweli, mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulikuwa Septemba 1947, ukaanzia gatini, ukasambaa hadi kwa watu wa reli na miji ya bara. Baba yake mzee alikuwemo. Mzee akaanza kueleza gunia lilivyobebwa: kulabu mkono wa kulia, kiroba kilichokunjwa kichwani kama kofia ya pembe ili kamba zisichune shingo, na jinsi mama yake alivyokuwa akimkanda baba mabega kwa mafuta ya nazi usiku.

Kijana alikuwa bado na vijikaratasi vingi. Akavitazama, akavirudisha mfukoni, akamwambia, "Shikamoo tena babu, endelea." Mngejua nilivyofurahi! Ukiwasilisha kitabu halafu mwenzako akaanza kutoa chake cha moyoni, jua umefanikiwa, mwachie nafasi. Dakika tano tulizokupa jaza tatu, mbili ziache wazi.

Kutokumaliza kitabu hakuna aibu hapa. Sema umefika wapi na kilichokukwamisha. Mtu anayesema, "Nimefika ukurasa wa themanini, nimechoka, nisaidieni," hutupa kazi nzuri kuliko anayejifanya amemaliza na kutusomea maneno ya jalada la nyuma. Maneno ya jalada la nyuma tunayajua, tumeshayasoma kwenye majamvi ya vitabu pale Samora.

Na usichague kitabu ili tukuone msomi. Fundi mmoja wa umeme alikuja akinong'ona, karibu aombe radhi, kwamba hana riwaya, anasoma kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Tukamlazimisha aendelee. Akatueleza ugonjwa wa kideri unavyoweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na kwamba chanjo yake ni tone moja tu jichoni, kuku mmoja mmoja, na kurudia kila miezi mitatu. Kilichomshangaza ni kwamba mwandishi alitumia kurasa nyingi akieleza namna ya kuwashawishi majirani nao wachanje siku hiyohiyo. "Kitabu cha kuku," akasema, "kumbe ni kitabu cha majirani." Kwa maoni yangu ule ndio uchambuzi bora wa mwaka jana, na nimeshasikia wahadhiri kwenye baraza lile.

Upande wa wasikilizaji nina machache. Usiulize "kinafundisha nini?" Swali hilo linamrudisha mtu darasani. Muulize alikipata wapi, alikisomea wapi, nani anamkera humo ndani, angempa nani akisome. Ukikichukia kitabu chake, sema umekichukia na utaje sehemu, ila usimcheke mtu kwa kukipenda.

Kuhusu kupata vitabu: wenye mfuko mwepesi waanzie Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Ndani ni kimya na kuna kivuli, jambo ambalo mjini kwetu si dogo. Wanaopenda kununua watembee Samora. Wauza vitabu vya mitumba wanajua mali yao kuliko mnavyodhani: mwambie mmoja unatafuta riwaya za miaka ya sabini, acha jina lako, atakutafutia. Tazama kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Nakala nyingi za zamani zimetoka madarasani, na mwanafunzi fulani wa mwaka 1988 huenda aliondoka na sura ya kumi.

Msitume vitabu vizima vilivyopigwa picha kwa simu. Najua bei ya vitabu inauma, najua vingine havichapishwi tena. Lakini tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na waandishi wetu wengi hawapati kitu kingine zaidi ya hizo senti za nakala zilizouzwa. Ukurasa mmoja wa kutuonjesha, sawa. Kitabu kizima, hapana. Hili tumelijadili mara nyingi na baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami, mtawasikia wenyewe.

La mwisho ni daftari. Kila nakala ya kikundi inayotoka inaandikwa: jina la kitabu, jina lako, tarehe, na hali yake ilivyokuwa. Ukikiazima kikiwa na jalada kirudi na jalada. Usikunje pembe za kurasa, tiketi ya mwendokasi inatosha kuwa alama. Mwezi mmoja ukipita tutakupigia simu, ya pili atapiga mzee wa bandari, na yeye haongei kwa upole kama mimi. Jumamosi ijayo zamu ni za wageni wanne wa kwanza kwenye orodha. Saa kumi kamili, na ukiweza pitia vitumbua njiani, kashata zinakaribia kwisha.