Kuhamia jiji usilolijua ukiwa na familia: anza na shule, nyumba ije mwisho

Mkuu, umesema mnahamia jiji jipya baada ya miezi miwili, mko sita: ninyi wawili, watoto wawili wa shule, kichanga na mama mzee anayetembea kwa fimbo. Umeuliza mtaa gani ni mzuri. Swali hilo ukilileta hivyo utajibiwa kwa sifa, na sifa za mtaa huwa zimechelewa miaka kumi: mtaa ulioharibika bado unasifiwa, uliotengenezeka bado unaogopwa. Uliza hivi: familia yangu itaamka saa ngapi, itapita njia gani, itarudi saa ngapi?

Chukua karatasi, andika kila mtu na mahali anapolazimika kufika kila siku na saa yake. Kisha mtafute yule asiyeweza kubadilisha saa wala njia. Mara nyingi si baba wala mama mwenye ajira, ni mtoto mdogo kuliko wote wa shule. Mtu mzima anaweza kutoka mapema, kupanda basi lingine, au kuzungumza na bosi wake. Mtoto wa miaka saba hana hiari hizo, na kengele ya shule haimsubiri. Mtafutie huyo shule kwanza, halafu tafuta nyumba kuizunguka shule. Wengi hufanya kinyume: wanapenda nyumba, wanalipa, ndipo wanaanza kuhangaikia nafasi ya shule.

Hapo kwenye shule kaa sana. Katika miji mingi shule za umma hupokea watoto kwa mipaka ya makazi, na mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, nyumba mbili zinazotazamana zikaangukia shule tofauti. Kwa hiyo usiulize kwa jina la mtaa, uliza kwa anwani kamili ya nyumba. Uliza pia kama nafasi ipo darasa hilo hilo analoingia mtoto, maana kuwa ndani ya mpaka si lazima kiti kiwepo. Jibu lipate kwa maandishi kabla ya kusaini chochote. Tayarisha vyeti vya kuzaliwa, barua ya uhamisho, ripoti ya mwisho na kadi za chanjo, nakala na halisi. Mtego unaokwamisha watu wengi: shule inataka uthibitisho wa makazi kabla ya kumpokea mtoto, na wewe hutaki kusaini mkataba wa mwaka kabla mtoto hajapokelewa. Waulize shule kama mkataba wa muda mfupi unatosha. Baadhi hukubali, baadhi hukataa, na jibu hilo peke yake linaweza kubadilisha mpango wako wote.

Ukishapata shule mbili au tatu zinazowezekana, pima muda. Achana na kilomita. Programu nyingi za ramani hukuruhusu kuchagua saa ya kufika, sasa weka saa 2 asubuhi siku ya Jumanne au Jumatano. Jumatatu na Ijumaa zina foleni za namna yake, na wiki ya likizo za shule itakudanganya kabisa, barabara huwa nyepesi. Ramani ikikuambia dakika 25 hadi 55, panga maisha kwa 55. Watu husoma ile 25, halafu wanashangaa.

Hesabu mlango hadi mlango: kutembea hadi kituoni, kusubiri, kupanda, kubadilisha gari, kutembea tena. Mtu mzima hutembea kama mita 80 kwa dakika, ukiwa na mtoto au mzee ihesabu nusu. Basi linalopita kila dakika 10 kwa mpangilio litakusubirisha wastani wa dakika 5, lakini yakija matatu kwa mkupuo kisha kimya, wastani unapanda sana. Pale unapobadilisha gari ndipo safari huvunjika, kwa hiyo mimi ningechukua dakika 50 za gari moja kuliko 40 za magari mawili. Halafu igeuze iwe pesa: dakika 30 za ziada kila upande ni saa 1 kwa siku, saa 22 kwa mwezi wenye siku 22 za kazi. Jumlisha na nauli ya watu wote. Nyumba ya pembeni ya jiji yenye kodi ndogo mara nyingi inakula akiba yake hapo hapo.

Kitu kimoja hakionekani kwenye ramani mpaka ukitafute: mtaa una njia ngapi za kutokea? Kama wote wanapita daraja moja au makutano mamoja, siku ya mvua kubwa au ajali mnafungiwa ndani. Njia mbili zinazokwenda pande tofauti ni kigezo ninachokitanguliza mbele ya uzuri wa nyumba.

Sasa kwenda kuona. Ziara moja ya Jumamosi mchana haifai kitu. Nenda asubuhi ya foleni, nenda jioni watu wanaporudi, nenda saa 4 usiku, na ikiwezekana nenda mvua ikinyesha au siku inayofuata. Ile ya mvua usiikose. Tazama kama kiwanja kiko chini ya usawa wa barabara. Tazama nyumba za majirani: vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali, mstari wa tope ukutani ulio kimo kimoja kwenye nyumba kadhaa, mitaro iliyojaa mchanga, rangi mpya iliyopakwa mita moja ya chini tu. Ukimuuliza mtu "hapa kuna mafuriko?" atakujibu hapana. Muulize jirani, si dalali, "mvua kubwa ya mwisho maji yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Usiyachukulie maji haya kama kero ndogo, kwa sababu sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, sembuse mama mwenye fimbo.

Ndani ya nyumba, fungua bomba zote kwa pamoja, kisha kinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba la juu kabisa huku umeshika saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, nzuri. Ikipita dakika tatu, asubuhi ya watu sita itakuwa vita. Uliza maji hutoka siku zipi na kama kuna tanki. Kwa lita 50 za mtu kwa siku, watu sita mnatumia 300, hivyo tanki la lita 1,000 linawavusha siku tatu na kidogo, si wiki. Nusa makabati na nyuma ya vitanda, ukungu uliofichwa kwa rangi bado hunuka. Ukiwa na kichanga, usiupuuze.

Kelele: kaa chumba cha kulala usiku, dirisha limefungwa, dakika 10 bila kuongea. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 lilipendekeza kelele za barabara usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, zikipimwa nje ya nyumba. Simu haipimi kwa usahihi huo, ila inatosha kulinganisha nyumba mbili. Uliza pia kelele zisizokuwepo siku hiyo: baa, karakana, siku ya gulio, ndege. Njia za ndege hubadilika kwa mwelekeo wa upepo, hivyo ukimya wa siku moja hauthibitishi kitu. Na kama kuna barabara kuu, chagua nyumba za safu za nyuma, maana moshi wa magari huwa mzito zaidi kwenye mita mia chache za kwanza, na mapafu ya kichanga ni madogo.

Usalama usiupime kwa takwimu za jumla. Katikati ya jiji huonekana pabaya kwa sababu wanaohesabiwa kuibiwa ni pamoja na wapita njia, si wakazi tu. Tembea mwenyewe kutoka kituoni hadi getini usiku na uhesabu taa zinazowaka. Waulize wanawake wanaopita njia hiyo, na wasichana wa sekondari, ni kona gani wanaikwepa na kuanzia saa ngapi. Hao wanaijua ramani ya hofu ya mtaa kuliko mtu yeyote.

Kwa ajili ya mama: ngazi, mteremko, na hospitali yenye dharura saa 24. Pima muda wa kufika huko wakati wa foleni, si usiku wa manane.

Ushauri wangu mkubwa: msisaini mwaka mzima mkiwa mbali. Pangeni pa muda, miezi miwili au mitatu, mizigo mikubwa ibaki stoo. Itawagharimu, lakini kuvunja mkataba wa mwaka kunagharimu zaidi. Ila pa muda pawe ndani ya mpaka wa shule ile ile mnayoitaka, ili mtoto asibadilishe shule mara mbili. Kuhama nyumba watoto hustahimili, kuhama marafiki mara mbili kwa mwaka huwaumiza.

Pesa isitoke kabla ya mtu unayemwamini kuingia ndani ya nyumba. Kama hamna mtu huko, dai video ya moja kwa moja, isiyokatwa, kuanzia barabarani hadi jikoni, na wewe ndiye umwelekeze anayepiga: fungua bomba lile, onyesha dari, toka nje tena. Anayekuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anayelipa leo, mwachie huyo mteja. Jina la anayepokea pesa lilingane na la kwenye hati ya umiliki, au awe na barua ya mwenye nyumba. Katika mkataba tafuta vitu vinne: muda wa notisi kwa kila upande, nani anatengeneza nini, kodi inapandishwa lini na kwa kiasi gani, na amana inarudishwa ndani ya siku ngapi.

Siku ya kupokea funguo, soma mita za maji na umeme mbele ya mwenye nyumba, piga picha namba zake na kila ufa, kila kioo, kila doa la dari, kisha mtumie picha hizo siku hiyo hiyo. Deni la mpangaji aliyetangulia husomwa kwenye mita ile ile, na bila picha litaandikwa jina lako.