Mshauri hafungui dirisha lililokwisha kufungwa

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu akikwama, aende wapi asaidiwe bila kupigwa danadana?"

Ofisi zipo. Hapa Mwanza, kuanzia Malimbe hadi Bugando, mwanafunzi wa chuo kikuu atakuta mshauri wa wanafunzi, afisa mikopo, mkuu wa idara, ofisi ya mitihani na mara nyingi mnasihi, yaani mtaalamu wa kusikiliza na kushauri wenye msongo. Danadana huanza pale anapopeleka shida yake kwa mtu asiye na mamlaka nayo, au anapofika tarehe ikiwa imepita. Hili la pili ndilo linaloumiza zaidi. Ukigonga mlango usio wako, utaelekezwa mwingine, lakini mshauri mwenye huruma kuliko wote hawezi kukupa alama za mtihani ambao hukuufanya wala hukuuahirisha.

Tuanze na ugonjwa wakati wa mitihani, maana hapo ndipo wengi huumia. Wanafunzi hudhani karatasi ya daktari inatosha, ipatikane lini na wapi. Haitoshi. Kabla ya mtihani kuanza nenda zahanati ya chuo. Ukitibiwa hospitali ya Sekou Toure au Bugando, karatasi zako zipitie kwa mganga wa chuo azithibitishe. Siku hiyohiyo andika barua ya kuomba kuahirisha mtihani kwenda kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya mitihani na kwa mshauri wa wanafunzi. Weka namba yako ya usajili, msimbo wa kozi, tarehe na saa ya mtihani. Chapa nakala moja ya ziada, ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Ukiwa umelazwa, mwenzako wa chumbani anaweza kuipeleka. Kosa linalojirudia kila muhula ni la mtu kuingia na homa, kukaa dakika 40, kutoka, halafu kuandika barua kesho yake. Ukishakalia karatasi ya mtihani, utetezi wako umelegea.

Kwa nini barua moja iwe na uzito huo? Kwa sababu mtihani ulioahirishwa kwa ruhusa ukija kuufanya unahesabika kama wa mara ya kwanza, na alama zako unazipata zote. Usipotokea bila ruhusa, unahesabiwa umefeli, na vyuo vingine hukuondoa kabisa masomoni. Ukiruhusiwa sapu, yaani mtihani wa marudio wa aliyefeli, kwa kawaida alama yake haivuki C hata ukijibu kama profesa. Piga hesabu. B+ ni pointi 4, C ni pointi 2. Pointi huzidishwa kwa krediti, yaani uzito wa kozi, hivyo kozi ya krediti 12 ingekupa 48. Sapu inakupa 24. Kwa mwaka wa krediti 120, tofauti hiyo ya 24 ni 0.2 ya GPA, yaani wastani wa pointi zako. Mwenye 3.6 anabaki na 3.4, na daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Kwa shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360 pengo linapungua, lakini sapu tatu za namna hiyo zinalirudisha palepale.

Koswek, yaani majaribio na kazi za muhula, nayo ina mtego wake. Vyuo vingi huipa alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na alama zake hutolewa kabla ya mtihani ili mwanafunzi azikague. Wachache huzikagua. Matokeo yakitoka na kozi haina alama, sababu huwa ni za kawaida sana: hukuisajili kozi kwenye mfumo, namba yako ya usajili ilikosewa tarakimu moja kwenye karatasi ya jaribio, au kazi ya kikundi ilikusanywa bila jina lako. Hapo anza na mwalimu wa kozi. Akikwama, nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na jaribio lenyewe lililosahihishwa. Ndiyo, lile karatasi ambalo wengine hulifungia vitumbua. Ukianzia kwa mshauri wa wanafunzi, atakurudisha kwa mwalimu, na hatakuwa amekuonea.

Pesa. Hapa mwenye neno ni afisa mikopo wa chuo, na nyuma yake Bodi ya Mikopo. Serikali ya wanafunzi ina waziri wake wa mikopo, kijana mwenye maneno mazuri, ila saini yake haifungui malipo. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lisipoingia, kagua kwa mpangilio huu kabla ya kupanga foleni: je, umekamilisha usajili wa muhula? Je, umesaini ndani ya siku zilizotangazwa? Je, akaunti ni yako, iko hai, na jina lake ni lilelile la kwenye cheti cha kidato cha nne? Je, matokeo yako ya mwaka uliopita yamepelekwa Bodi? Fedha isiyosainiwa hurudishwa Bodi, na kuifuata huko ni safari ya miezi.

Aliyekosa mkopo kabisa huambiwa akate rufaa. Ni sawa, lakini rufaa yenye hoja ya "sisi ni maskini" pekee haina miguu. Bodi inataka hati: cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, uthibitisho wa ulemavu, au uthibitisho kuwa kaya inanufaika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani akachanganya namba mbili hujikuta mfumo unamwona kama watu wawili. Mtu wa visiwa vya Ukerewe au Kome ahakikishe fomu ina saini na muhuri wa serikali ya kijiji kabla hajapanda chombo, kwa sababu muhuri mmoja uliosahaulika ni nauli ya kwenda na kurudi, na dirisha la rufaa halisubiri meli ya Nansio.

Kuahirisha mwaka ni jambo linalogusa milango miwili, na watu hukumbuka mmoja. Barua ya chuo ikikubaliwa, peleka nakala kwa afisa mikopo ili Bodi ijue umesimama kwa ruhusa. Anayenyamaza hurudi mwaka unaofuata akakuta jina lake halimo kwenye orodha ya malipo.

Kuhusu matumizi sitasema mengi. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa siku 60. Mwenye geto, yaani chumba cha kupanga, Nyegezi au Mkolani akidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali akataka ya mwezi mmoja juu yake, bumu la kwanza limeisha kabla hujanunua godoro. Omba kulipa kwa miezi mitatu, na mkataba uandikwe.

Unasihi wengi huuogopa kwa kudhani ukienda umejitangaza kichaa, au kwamba maneno yatafika kwa wazazi. Mnasihi hutunza siri. Huivunja pale tu maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Dalili za kukupeleka ni za kawaida: wiki mbili bila usingizi wa maana, kuacha vipindi bila sababu, kukosa hamu ya kula. Ikizidi uwezo wake atakupa rufaa ya hospitali. Bugando ina kitengo cha afya ya akili.

Mwalimu akitaka ngono ili upite, usipoteze muda kwa kiongozi wa darasa. Hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake, usiende ofisini kwake peke yako, usimjibu kwa matusi. Nenda dawati la jinsia la chuo, au piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ambayo ni bure.

Na kwa shida isiyo ya dharura, chagua wiki. Wiki mbili za mwanzo wa muhula ofisi zote zimejaa usajili. Wiki za mwisho zimejaa barua za mitihani. Wiki ya nne hadi ya sita, asubuhi, benchi la nje ya ofisi ya mshauri huwa na nafasi, na yeye mwenyewe ana muda wa kufungua kitabu cha kanuni akakisoma pamoja nawe.

Msomaji, Mkolani, Mwanza