Ubani na Kengele Katika Kanisa Lilelile

SWALI: Nimelelewa katika Kanisa Anglikana mkoani Dodoma, ambako mahubiri huwa marefu na waumini hushuhudia wokovu wao mbele ya wote. Nimehamishiwa kikazi Muheza, na huku, katika kanisa lenye jina lilelile, nimekuta ubani, kengele na ishara ya msalaba. Sijisikii nyumbani. Je, nijiunge na Wapentekoste?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti uliyoiona ni ya kweli, nayo ina historia. Injili ililetwa Muheza na wamisionari wa UMCA, yaani chama cha umisionari cha Kianglikana kilichoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza, waliofika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye kujenga kituo cha Magila, nao walithamini mno sakramenti na taratibu za kale za ibada. Dodoma ililelewa na CMS, chama kingine cha umisionari cha Kianglikana, waliotanguliza mahubiri ya Biblia na kuongoka kwa mtu binafsi, kisha uamsho ulioenea kutoka Rwanda katika miaka ya 1930 ukakoleza desturi ya ushuhuda. Pande hizo zilivutana vikali: baada ya mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu, Kenya, mwaka 1913, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda, wa upande wa CMS, kwa uzushi, kwa kuwa ibada ya meza ya Bwana mkutanoni iliwashirikisha Waprotestanti wa madhehebu mengine. Hata hivyo, tangu mwaka 1970 dayosisi za asili zote mbili zimo katika jimbo moja la Tanzania.

Kwa hiyo jiulize kwanza kinachokusumbua ni imani au ni mazoea. Ubani ni mazoea, na nina hakika utauzoea ukishaelezwa maana yake. Kuungama kwa padre au kuwaombea marehemu ni suala zito zaidi. Mwendee padre, umuulize waziwazi parokia inafundisha nini na muumini analazimika kufuata lipi. Usiamue kwa Jumapili mbili tu. Ulizia pia vipindi vya kujifunza Biblia katikati ya juma, kwa maana huenda ushirika unaoukosa Jumapili ukaupata huko.

Ukiona bado moyo unakuelekeza kwa Wapentekoste, fahamu kwamba wengi wao hawautambui ubatizo wa watoto wachanga, hivyo yamkini utatakiwa kubatizwa upya kwa kuzamishwa majini. Hilo si suala la nyimbo wala makofi. Zungumza na mwenzi wako au wazazi wako, na umweleze mchungaji wa huko unachoamini kuhusu ubatizo wako wa kwanza, kabla hujakubali kuandikishwa.